Betri ya lithiamu hailazwi imeshiba

Mwenzenu nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi ni sababu mojawapo, nyingine anazijua mhariri wangu. Kilichonirudisha leo ni betri mbili zilizovimba uvunguni mwa kitanda changu.

Nianze na kisa chenyewe. Mimi na mpiga picha mmoja tulichangishana tukanunua droni. Si ile ya dukani yenye boksi linalong'aa. Hii iliunganishwa na vijana wa hapa hapa Dar, kwa mikono yao, na inaruka vizuri tu. Ilikuja na betri tatu za lithiamu polima, kila moja ina seli nne ndani na ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Tulikuwa tunaisubiri mvua ya masika tukapige picha za mabonde yanayofurika kila mwaka. Nikazichaji zote tatu mpaka taa ya kijani ikawaka, nikazifunga kwenye fulana ya zamani, nikazitia kwenye begi, begi nikalisukuma uvunguni. Nia yangu ilikuwa njema: maji yakija, yanikute tayari.

Mvua ilikuja kwa kusuasua, habari ikahamishwa, begi likakaa miezi mitatu. Nilipolifungua, betri mbili zilikuwa zimetuna kama maandazi yaliyozidi hamira. Ukibonyeza kwa kidole unasikia upepo ndani. Na hapo chini, hatua mbili kutoka kwenye begi, ndipo mdogo wangu anapotandika godoro lake kila usiku. Yupo kidato cha tatu, amekuja mjini kusoma, nami ndiye niliyemuahidi mama kwamba atakuwa salama.

Sasa, mimi si fundi. Lakini nina ugonjwa wa waandishi: kitu kikinipiga nataka kujua kilitoka wapi. Swali lililonisumbua halikuwa kwa nini zimevimba, maana jibu hilo nilipewa na kijana mmoja wa droni kwa sentensi moja, tena kwa kunicheka: "Kaka, ulizilaza zimejaa?" Lililonisumbua ni hili: nani alinifundisha kwamba betri inayowekwa lazima iwe imejaa? Sikumbuki kufundishwa. Niliikuta tu kichwani. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kwamba kanuni niliyoifuata ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya betri nyingine.

Turudi nyuma kidogo.

Betri ya kwanza niliyoijua maishani ni ya redio ya bibi, Kondoa. Betri za National, nyekundu, zile kubwa. Wengi wenu mlikua nazo. Matsushita walikuwa na kiwanda cha betri Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Redio ikianza kukoroma katikati ya taarifa ya habari, bibi alizitoa betri na kesho yake akazianika kwenye ungo juani, pamoja na mtama. Jioni redio inaongea tena, japo kwa nusu saa. Tuliosoma sayansi tulimcheka, kumbe bibi alikuwa na hoja. Betri kavu ni kemia, na kemia huchangamka ikipata joto. Jua halikuongeza umeme mpya, lilisaidia tu kukamua masalia. Somo lililobaki kwenye familia yetu ni kwamba joto ni rafiki wa betri. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Ya pili ilikuwa ya baba mdogo: betri ya gari iliyokuwa ikiendesha televisheni ya picha nyeusi na nyeupe. Kila baada ya siku kadhaa ilifungwa kwenye kerea ya baiskeli ikapelekwa senta kuchajiwa. Betri hiyo ya risasi na tindikali ni kongwe. Ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla hata ya magari yenyewe, na ndiyo betri ya kwanza duniani iliyoweza kuchajiwa upya. Na ina tabia yake: ukiiacha tupu, chumvi ya risasi inaganda kwenye mabamba yake, inakuwa ngumu, na baada ya wiki kadhaa hairudi tena. Kwa hiyo kanuni yake ni moja tu, nayo ni kwamba betri ya gari huwekwa ikiwa imejaa. Baba mdogo alikuwa akitukaripia: usiiache na njaa. Pia alituambia tusiiweke juu ya sakafu ya sementi, eti inanyonya umeme. Hilo nalo lina historia. Zamani makasha ya betri yalikuwa ya mbao, baadaye mpira mgumu, na unyevu wa sakafu uliweza kweli kufanya njama. Makasha ya plastiki yalipokuja, hofu ya sementi haikuondoka.

Kisha zikaja simu. Hapa ndipo kanuni zilipopishana vibaya.

Mwaka 1899 Msweden mmoja aitwaye Waldemar Jungner alitengeneza betri ya nikeli na kadimiamu. Kwa karibu karne nzima hii ndiyo iliyobebwa na tochi, redio za polisi, vifaa vya ufundi na hatimaye simu za mkononi za mwanzo, pamoja na ndugu yake mdogo wa nikeli na haidrojeni. Betri ya nikeli na kadimiamu haina shida na njaa. Unaweza kuiweka kabatini tupu kabisa, ukairudia baada ya mwaka, ukaichaji na ikafanya kazi. Kinachoiudhi ni kuchajiwa kila mara kabla haijaisha. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwenye satelaiti kwamba betri zilizokuwa zikitumika kwa kiasi kile kile kila mzunguko zilianza "kukumbuka" kiasi hicho na kukataa kutoa zaidi. Ndiyo asili ya ule usemi wa kwamba betri ina kumbukumbu, na ndiyo asili ya ushauri wa muuza simu: iache izime kabisa ndipo uchaji, na ikiwa mpya ichaji masaa nane kabla ya kuiwasha.

Mnaikumbuka hiyo? Ukinunua simu Kariakoo hata leo kuna muuzaji atakayekupa ushauri huo kwa uso wa mtu anayekabidhi siri ya ukoo. Ni ushauri halali kabisa, kwa betri ambayo haimo ndani ya simu hiyo.

Kwa hiyo tazameni tulivyokuwa. Risasi inataka kulala imejaa. Nikeli inaridhika kulala tupu. Betri kavu inaanikwa juani. Kanuni tatu za betri tatu, zote zimeingia kwenye kaya moja ndani ya kizazi kimoja au viwili, na hakuna aliyeandika pembeni ipi ni ya ipi. Halafu ikaja ya nne, ambayo haikubaliani na yoyote kati ya hizo.

Historia ya lithiamu ni historia ya watu kuunguza vitu. Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, kampuni ya mafuta ya Exxon ya Marekani iliajiri watafiti watafute nishati nyingine. Mmojawao ni Mwingereza Stanley Whittingham. Alitengeneza betri yenye lithiamu tupu ya metali upande mmoja na kiwanja cha titani na salfa upande wa pili. Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote na inaachia elektroni zake kwa urahisi mno, kwa hiyo betri ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Lakini ilipochajiwa na kutumiwa mara nyingi, lithiamu haikurudi mahali pake kwa utulivu. Iliota miiba. Miiba ikirefuka inatoboa utando unaotenga pande mbili, pande zinagusana, moto. Zimamoto waliitwa kwenye maabara hiyo mara kadhaa, hadi wakatishia kuwatoza gharama ya kemikali maalum za kuzimia moto wa lithiamu.

Wakanada nao walijaribu. Kampuni ya Moli Energy, huko Burnaby, ilipeleka betri za lithiamu ya metali kwenye simu za mkononi nchini Japani. Mwaka 1989 moja ikashika moto na kumuunguza mtumiaji. Betri zikarudishwa, kampuni ikafilisika. Lithiamu tupu ikapata jina baya.

Suluhisho lilitoka kwa watu kadhaa waliokuwa mbali mbali. John Goodenough na wenzake, Oxford, walionyesha mwaka 1980 kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuhifadhi lithiamu na kutoa volti nne. Karibu na wakati huo huo kijana wa Kiafrika, Mmoroko Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, akiwa Grenoble huko Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya grafiti, ile ile ya kwenye penseli, kwa umeme. Yazami hakuwemo kwenye Nobel ya 2019 iliyokwenda kwa Goodenough, Whittingham na Akira Yoshino. Kamati ya Nobel haizidishi watu watatu. Ila mwaka 2014 alishiriki tuzo ya Draper ya wahandisi wa Marekani, na mimi nadhani jina lake lingepaswa kuwa kwenye vitabu vya shule zetu.

Yoshino, wa kampuni ya Asahi Kasei ya Japani, ndiye aliyeziunganisha hizo pande mbili mwaka 1985, kwa kutumia kaboni itokanayo na mafuta badala ya lithiamu tupu. Mwaka uliofuata alifanya jaribio ninalolipenda: alidondosha bonge la chuma juu ya betri yake, na jingine juu ya ile ya lithiamu ya metali. Ile ya metali ikawaka moto mkubwa. Yake ikapondeka tu. Yoshino mwenyewe amesema hiyo ndiyo dakika betri ya lithiamu-ioni ilipozaliwa. Sony wakaiingiza sokoni 1991, kwenye kamera za video.

Na polima je? Jina hilo limebeba historia ya ndoto. Huko Sheffield, Peter Wright na wenzake walieleza mwaka 1973 kwamba plastiki fulani ikichanganywa na chumvi inaweza kupitisha ioni. Mfaransa Michel Armand akaona mbali: tuondoe kimiminika kinachowaka, tuweke plastiki kavu. Ndoto ilikwama kwa sababu plastiki hiyo ilikuwa mvivu, ilitaka joto kubwa ndipo ifanye kazi. Katikati ya miaka ya 1990 kundi la Jean-Marie Tarascon kwenye maabara za Bellcore, New Jersey, likapata njia ya kati: plastiki iliyonyweshwa kimiminika kile kile, ikawa kama jeli. Siku hizi betri nyingi zinazoitwa lithiamu polima ni lithiamu-ioni ya kawaida kwa kemia yake. Tofauti kubwa iko kwenye nguo. Badala ya kopo la chuma imevaa mfuko laini wa foili ya aluminiamu na plastiki, kama pakiti ya juisi. Mfuko huo ni mwepesi na unaweza kuwa mwembamba kama rula, ndiyo maana ukapendwa na watengeneza simu na watu wa ndege ndogo. Lakini mfuko haukazi gesi. Gesi ikizaliwa ndani, mfuko unatuna.

Ndiyo iliyonipata. Sasa gesi hiyo inatoka wapi wakati betri imelala tu, haitumiki?

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu, na nitajitahidi kulieleza bila kuwachosha. Ndani ya seli kuna pande mbili. Upande mmoja oksidi ya kobalti (na kwa asilimia kubwa kobalti hiyo imechimbwa Kolwezi na jirani zake, Kongo, na watu wanaozungumza lugha hii hii tunayoandikia hapa). Upande mwingine grafiti, ambayo imepangika kama kurasa za kitabu. Ukichaji, lithiamu inaondoka kwenye kobalti na kwenda kujipenyeza katikati ya kurasa za grafiti, kama noti za siri ambazo mama anazificha kwenye Msahafu au Biblia. Betri ikijaa, volti 4.2 kwa seli, upande wa kobalti umenyang'anywa karibu nusu ya lithiamu yake. Hautulii. Unatafuta elektroni popote, na kilicho karibu ni kile kimiminika, ambacho ni cha jamii ya vitu vinavyoungua. Unakiunguza pole pole. Gesi inazaliwa. Upande wa grafiti nao, ukiwa umeshiba lithiamu, unakula kimiminika kile kile na kujijengea ngozi inayozidi kuwa nene. Hakuna anayeona. Taa ya kijani imezimwa zamani, begi limefungwa, na ndani kazi inaendelea usiku na mchana.

Joto linaiongezea kasi. Hapo ndipo somo la ungo wa bibi linapogeuka sumu. Kuna takwimu ambazo mafundi wa betri huzinukuu sana: betri ya lithiamu-ioni ikiwekwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabaki na uwezo wa asilimia 96 hivi. Ikiwekwa imejaa, kwa joto hilo hilo, inabaki na 80. Pandisha joto hadi nyuzi 40: ile ya asilimia 40 inabaki na 85, iliyojaa inabaki na 65. Chumba changu kina bati juu na dari ya jipsamu iliyokata tamaa. Mwezi wa pili mchana sihitaji kipimajoto kuniambia niko upande gani wa hesabu hiyo.

Basi tuiache tupu, kama nikeli? Hapana. Seli ikishuka chini ya volti 3 tayari iko pabaya, na ikiendelea kuvuja yenyewe mpaka karibu volti 2 na chini ya hapo, karatasi nyembamba ya shaba iliyomo ndani inaanza kuyeyuka. Ukija kuichaji, shaba hiyo inaganda mahali pasipotakiwa na kutengeneza njia ya mkato ndani kwa ndani. Huo ni mwaliko wa moto. Ndiyo maana fundi simu mwaminifu hukataa kuifufua betri iliyokufa muda mrefu, na asiye mwaminifu huigusisha kwenye umeme kwa nguvu ikaamka.

Kwa hiyo hii haitaki kushiba wala njaa. Volti 3.8 au 3.85 kwa seli, yaani nusu au zaidi ya nusu kidogo. Nani aliigundua kanuni hii? Wanakemia waliijua mapema maabara. Lakini waliosambaza kwa watu wa kawaida ni wacheza ndege ndogo za rimoti, hasa Ulaya na Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hao ndio raia wa kwanza kushika mifuko mitupu ya lithiamu polima isiyo na kopo, isiyo na saketi ya kinga. Wakazichaji kwa chaja za nikeli, au wakakosea idadi ya seli, wakaunguza magari, gereji na meza za jikoni. Wakajifunza. Wakaanza kuchajia juu ya sementi au ndani ya chungu cha maua, wakahifadhi kwenye masanduku ya chuma ya risasi za jeshi baada ya kuondoa ule mpira wa mfuniko ili gesi ipate pa kutokea, maana sanduku lisilopumua linakuwa bomu. Wakadai chaja zinazosawazisha seli moja moja, na zenye kitufe maalum cha kuhifadhi, ambacho kinaishusha au kuipandisha betri mpaka pale pa katikati. Chaja yangu ina kitufe hicho. Nilikuwa nakiona kila siku nikidhani ni cha kutunza kumbukumbu za mipangilio!

Baadaye kanuni ikahamishwa ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa watu ni watu. Betri za droni ya DJI Phantom 3 ya mwaka 2015 ziliwekewa akili ya kujimwaga zenyewe: zikikaa siku kumi bila kutumika zinashuka chini ya asilimia 65 bila kukuuliza. Hizi zangu za kuunganishwa hazina akili hiyo. Akili ilitakiwa iwe yangu.

Lakini somo lililokuwa ghali kuliko yote lilitokea angani, tena kwenye njia ambayo bidhaa nyingi za Kariakoo zinaijua. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, Boeing 747, iliruka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Shehena yake ilikuwa na zaidi ya betri 81,000 za lithiamu za aina mbalimbali. Hazikuwa zinachajiwa, hazikuwa zinatumika. Zilikuwa zimehifadhiwa tu, safarini. Dakika 22 hivi baada ya kuruka, kengele ya moto ikalia. Marubani wakageuza kurudi Dubai. Moshi ukajaa chumba chao mpaka hawakuona vipimo vyao. Ndege ikaanguka Dubai, wote wawili wakafa. Mwaka uliofuata, Julai 2011, ndege ya mizigo ya Asiana nayo iliungua na kuanguka karibu na kisiwa cha Jeju, nayo ikiwa na betri za lithiamu miongoni mwa mizigo.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilichoma betri nyingi sana katika majaribio, ikaona jambo lile lile wacheza ndege ndogo walilolijua kwa njia yao: seli iliyojaa ikiwaka inaambukiza jirani yake, jirani anaambukiza mwingine. Seli yenye chaji kidogo mara nyingi inafia peke yake. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilipiga marufuku betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo likaagiza zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Na nyinyi mnaijua kanuni hii bila kujua kwamba mnaijua. Fungua boksi la simu mpya, iwashe: betri haijajaa wala haiko tupu. Mtengenezaji hajui simu itakaa ghalani miezi mingapi, kwa hiyo ameilaza katikati. Apple huwaambia wateja wao waziwazi kwamba kifaa kinachowekwa muda mrefu kiwekwe na chaji ya nusu, mahali pasipozidi nyuzi 32, na kiguswe kila baada ya miezi sita. Halafu muuzaji wetu anakwambia ichaji masaa nane kwanza. Karne mbili zinakutana juu ya kaunta moja.

Niseme ukweli wote, nisije nikawatisha bure. Moto mwingi wa lithiamu polima hutokea wakati wa kuchaji, au baada ya betri kuanguka, kutobolewa au kupondwa, na si kila betri iliyovimba italipuka. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita hao hao wa redio ya bibi, zinaweza kupata joto la ghafla zikichajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha. Bado mamilioni ya watu waliendelea kuzibana kwenye chaja za kobe na kulala usingizi mzuri. Lakini BL-5C ilikuwa na kopo la chuma, na umeme kidogo. Moja ya betri zangu ina nishati ya takriban kumi na tisa kama hizo. Na mdogo wangu alilala karibu nazo miezi mitatu.

Nilichofanya ni hiki. Nilizitoa nje kwa mikono miwili, bila kuzibonyeza tena. Nikapima. Betri moja seli tatu zilikuwa bado volti 4.17, ya nne 3.96, yaani ilikuwa inavuja kwa ndani. Kijana wa droni akaja na balbu ya taa ya mbele ya gari, tukaziunganisha moja moja uani juu ya mawe, mbali na nguo za watu, balbu ikawaka mpaka ikafifia na kuzimika. Tulikaa pale saa nzima tukiangalia balbu kama watu wanaoota moto. Kisha tukazilaza kwenye ndoo ya bati yenye mchanga.

Zipo hapo mpaka leo. Nilimuuliza afisa mmoja wa usafi nizipeleke wapi, akanijibu nizitie kwenye taka za kawaida. Gari la taka la mtaani kwetu linabana taka kwa chuma. Sikumjibu. Ninaendelea kuulizia, na ndoo inaendelea kukaa chini ya mwembe.

Ile ya tatu ilipona. Nimeishusha mpaka volti 15.3 kwa zote nne, nimeiweka kwenye kopo la biskuti la bati lisilofungwa kwa nguvu, kwenye korido, sakafuni, mahali pasipo na pazia wala godoro. Nimeandika tarehe kwa maka pen. Jana mama mwenye nyumba alipita akalikuta, akataka kujua ni nini. Nikamweleza kwa kirefu kama nilivyowaeleza nyinyi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, yote nimekuelewa. Ila usiiweke juu ya sementi, itanyonywa chaji."

Nikasema, "Sawa, mama," nikaenda kutafuta kipande cha ubao.